Panya buku, mbwa wa kunusa, maksai au simba wa ng'ambo: kijana wa Dodoma anayetaka kufundisha wanyama achague njia ipi?

Kila mwaka siku za Nanenane pale Nzuguni, penye wanyamapori ndipo penye msongamano. Watu wazima wanasukumana na watoto wa shule ili wamwone simba aliyejilalia kizimbani, wanapiga picha, wanaondoka. Wachache hubaki nyuma na kumsogelea mhudumu: kaka, nami nifanyeje nifike hapo ulipo? Mimi ni mtu wa mifugo, nimesomea Mpwapwa, na swali hilo hunifikia kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita, na mara nyingine kutoka kwa wazazi wao. Jibu ambalo wengi wameshapewa ni "soma sayansi, uende Mweka". Linampeleka kijana mahali pazuri, ila siko alikoulizia.

Mweka, yaani Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinafundisha kusimamia hifadhi. Pasiansi ya Mwanza inaandaa askari wa wanyamapori. SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, inatoa madaktari wa mifugo baada ya miaka 5 ya masomo. Zote ni kazi za heshima. Lakini kumfundisha mnyama ni jambo jingine: ni kumfanya atende kazi fulani kwa hiari yake kila anapopewa ishara, leo, kesho, kwenye joto na mbele ya wageni. Hiyo ni fani yenye kanuni zake, na kwa mtu aliyeko Dodoma naiona milango minne ya kuilinganisha: kusomea ng'ambo, panya buku wa Morogoro, mbwa wa kunusa wa vyombo vya dola, na maksai wa huku huku kwetu.

Niseme mapema ninakoegemea. Wengi humchagua mnyama kwanza, kisha wanagundua kwamba maisha yanayoambatana naye yanawashinda. Ningependa kijana aanze upande wa pili: aangalie siku nzima ya kazi ilivyo, kuanzia alfajiri hadi usiku, Jumapili na Idi zikiwemo, ajiulize kama anaiweza kwa miaka kumi, ndipo amtazame mnyama.

Sheria imeshafunga mlango mmoja

Kuna wanaofikiri wataanzia nyumbani: kumpata mtoto wa tumbili, kenge au bundi, kumlea na kumfundisha. Hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawahesabu wanyamapori wote kuwa mali ya umma, chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa linaloweza kukufikisha gerezani. Hata ukiiweka sheria kando, mtoto wa tumbili aliyetenganishwa na mama yake hukua bila kujua yeye ni nani, na akishapevuka anauma. Anayewapenda wanyama haanzi kwa kumwibia mmoja wao mama.

Kwa hiyo mazoezi ya mwanzo yafanyike kwa wanyama wa kufugwa. Hilo nitalirudia kwa kuku.

Ng'ambo: ndoto yenye ratiba ngumu

Chuo kinachotajwa zaidi duniani kwa fani hii ni Moorpark College, jimbo la California, Marekani. Ni chuo cha umma cha ngazi ya chini kidogo ya shahada, na ndani yake ipo bustani ya wanyama inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Mafunzo ya kufundisha na kutunza wanyama wa kigeni yamekuwepo pale tangu miaka ya 1970 na huchukua karibu miaka miwili. Kinachowavunja moyo wengi ni kwamba wanyama hawana likizo. Kuna mtu wa kufagia kizimba siku ya Krismasi, kuna mtu wa kupima nyama ya chui asubuhi ya mtihani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatumia muda mwingi zaidi na fagio, ndoo na kisu cha kukatia matunda kuliko na mnyama aliyemvutia kutoka nyumbani. Anajifunza kugundua kwamba ndege hakumaliza chakula, kwamba kinyesi kimebadilika rangi, kwamba mlango wa pili umefungwa kabla ya kuufungua wa kwanza.

Kwa Mtanzania kuna mzigo wa ziada. Ada ya mwanafunzi mgeni inalipwa kwa dola. Viza ya mwanafunzi inakubana usifanye kazi nje ya chuo, na ratiba ya wanyama inakula hata muda ambao ungeruhusiwa. Ukimaliza, bustani nyingi za wanyama huwaanzisha watu kwa kujitolea au kwa malipo madogo mno, kwa sababu wanaoitaka kazi ni wengi kuliko nafasi.

Halafu soko lenyewe limebadilika, na hili wazazi hawaelezwi. Yule mfundishaji wa tembo kwenye maonyesho ya sarakasi ambaye vijana wamemwona kwenye video za zamani anatoweka. Ringling, kampuni kubwa ya sarakasi ya Marekani, iliwaondoa tembo mwaka 2016, ikafunga mwaka 2017, na iliporudi mwaka 2023 ilirudi bila mnyama hata mmoja. Uingereza ilipitisha mwaka 2019 sheria ya kuzuia wanyamapori kwenye sarakasi zinazozunguka. Filamu nazo zinachora simba kwa kompyuta. Kazi iliyobaki, na inayokua, ni ya kumfundisha mnyama ashiriki katika matibabu yake mwenyewe: twiga aweke mguu juu ya ubao ili kwato zisuguliwe, simba aegemeze ubavu kwenye wavu ili achomwe sindano bila dawa ya usingizi. Ni kazi nzuri kuliko ile ya zamani, na mimi nafurahi imekuja, ila haina makofi wala taa.

Na hatari ipo. Mwaka 2003 simbamarara alimjeruhi vibaya Roy Horn jukwaani Las Vegas, baada ya miaka mingi ya maonyesho. Mwaka 2010 nyangumi muuaji aitwaye Tilikum alimuua Dawn Brancheau, mfundishaji mzoefu wa SeaWorld, Orlando. Hawa hawakuwa wanagenzi. Ndiyo maana bustani nyingi sasa zinafundisha tembo na wanyama wakali mtu akiwa upande wa pili wa kizuizi. Anayeota kumkumbatia simba ajue kwamba mfundishaji makini wa siku hizi hamkumbatii.

Morogoro: mnyama wa kilo moja anayefanya kazi ya wanajeshi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jirani na watu wa Dodoma hawapajui vya kutosha. Ndani ya SUA pana shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens na kuhamia Morogoro mwaka 2000. Linafundisha panya buku, yule yule mwenye mifuko mashavuni anayechukiwa na wakulima wa mahindi, anuse baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wafundishaji wengi ni Watanzania. Panya waliofundishwa hapo wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia.

Panya wengine ni maarufu kuliko viongozi wengi. Magawa alizaliwa Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza la kutibu wanyama, ambayo kabla yake haikuwahi kumpata panya. Hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 ya kutegwa ardhini na silaha nyingine 38 ambazo hazikulipuka. Alikufa Januari 2022. Mwenzake Ronin, naye wa Morogoro, alimpita: hadi mwaka 2025 alihesabiwa mabomu 109. Panya hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa dakika 30 hivi. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku nne. Sababu ni rahisi: kifaa hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda, panya hufuata harufu ya baruti tu, na uzito wake hautoshi kulipua bomu. Kwenye kifua kikuu, panya mmoja hupitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20, na amekuwa akiwapata wagonjwa ambao kliniki ziliwaambia hawana ugonjwa.

Nieleze mazoezi yenyewe, maana hapo ndipo kujituma kunapoonekana. Kazi huanza mapema asubuhi, kwa kuwa panya buku ni mnyama wa usiku na jua linamwumiza. Masikio na mkia hupakwa losheni ya kuzuia jua. Panya huvalishwa mkanda mdogo kifuani, mkanda unaning'inizwa kwenye kamba, na kamba inashikwa na watu wawili waliosimama ng'ambo na ng'ambo ya kipande cha ardhi. Panya anakwenda kutoka kwa huyu hadi kwa yule, pua chini. Akifika mwisho, watu wote wawili wanasogea hatua ndogo, naye anarudi. Akipata harufu, anakwangua udongo. Hapo hapo mfundishaji anabofya kidude kinachotoa mlio mfupi, na panya anakimbilia kipande cha ndizi au karanga.

Siri yote imo katika mlio ule. Ukibofya mapema kidogo, umemlipa panya kwa kusimama, si kwa kukwangua. Ukichelewa, umemlipa kwa kugeuka kukutazama. Yeye hajui ulichokusudia. Anajua alichokuwa akifanya mlio ulipotoka. Sasa fikiria kufanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi kwa takriban miezi 9, ambayo ndiyo huchukua panya mmoja kuiva, ukiandika matokeo ya kila zoezi. Mwishoni kuna mtihani ambao hata mfundishaji haambiwi mabomu yalipofukiwa, ili asije akampa panya ishara kwa mwili wake bila kujua. Panya akikosa bomu moja, hafaulu. Na akifaulu, anapakiwa kwenye boksi na kupelekwa nchi nyingine, wewe unaanza na mtoto mwingine wa panya mwenye wiki chache ambaye bado anaogopa sauti ya mlango.

Kuna wanaoshindwa hapo. Panya wakiumwa au wakiwa wavivu, ni rahisi kumpenda mmoja na kumpuuza mwingine, na rekodi hazidanganyi. Ila kwa mtu mwenye subira, sioni mahali pengine Tanzania anapoweza kuijua sayansi ya kufundisha mnyamapori kwa kina namna hii, akiwa kwenye mazingira halali na kwa lugha yake. Kazi zinapanuka pia. Mwaka 2024 watafiti wa shirika hilo walitoa matokeo ya panya waliofundishwa kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mbao za mpingo, na kwa kazi za nje ya maabara wametengenezewa vizibao vyekundu vyenye kitufe kifuani: panya akikivuta, kinalia.

Mbwa: kwanza uwe askari

Njia ya mbwa inaonekana fupi, kumbe ina kizingiti mlangoni. Hauajiriwi kufundisha mbwa. Unaajiriwa kuwa askari, halafu unachaguliwa. Polisi wana Kikosi cha Mbwa na Farasi, na wa kuingia humo lazima awe ameshapita mafunzo ya uaskari. Upande wa uhifadhi, African Wildlife Foundation imekuwa na kituo cha kufundishia mbwa na waongozaji wao Usa River, karibu na Arusha, na waliopelekwa pale walikuwa askari wa uhifadhi wa nchi mbalimbali, si vijana waliotoka mtaani na cheti. Kwa hiyo kijana anayeitaka njia hii afikirie JKT, Pasiansi au Mweka, kisha miaka ya doria kabla ya kukabidhiwa mkanda wa mbwa. Inawezekana pia asikabidhiwe kamwe.

Akikabidhiwa, maisha yake yanabadilika kuliko kwenye njia nyingine zote. Panya ukimrudisha bandani, unakwenda nyumbani. Mbwa wa kazi anakutegemea wewe mmoja. Unampiga brashi, unakagua kupe katikati ya vidole, unampikia, unalala unamsikiliza. Malipo yake baada ya kunusa meno ya tembo ndani ya begi kwa kawaida ni mpira, na wewe mtu mzima mwenye magwanda unatakiwa ucheze naye mpira huo kwa furaha ya kweli, mbele ya abiria wanaotazama. Mbwa anaijua furaha ya kuigiza. Kwa sisi tuliolelewa kumtupia mbwa mawe, na kwa wenzetu ambao dini imewafundisha kujitenga na mate yake, hili ni jambo la kuamua mapema na kwa heshima, lisimshtukize mtu akiwa kazini.

Kanda yetu ya kati inawahitaji. Tuna mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero upande wa Kondoa na Chemba, tuna Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Singida. Lakini Rungwa ni nchi ya mbung'o, na mbwa aliyeletwa kutoka Ulaya akiambukizwa vimelea vya nagana hufa upesi asipotibiwa. Mwongozaji asiyejua kumtazama mbwa wake machoni na kwenye ufizi kila asubuhi atampoteza. Wakati mwingine hata anayejua humpoteza.

Maksai: shule iliyo nyuma ya nyumba

Wapo watakaoniuliza ng'ombe ameingiaje kwenye habari ya wanyama wa kigeni. Ameingia kwa sababu ndiye mnyama mkubwa, mwenye nguvu za kukuua, ambaye kijana wa Kongwa, Bahi, Mpwapwa au Iramba anaweza kumfundisha mwaka huu bila viza, bila kibali cha wizara na bila kusubiri usaili.

Mzee mmoja wa Kongwa ambaye nimemwona akifanya kazi hii huanza kiangazi, baada ya mavuno, ili maksai wawe tayari kabla ya mvua za Desemba. Huwachagua madume wawili wa kimo kimoja, waliokwisha kuhasiwa, wa umri wa miaka mitatu hivi. Siku za mwanzo anawafunga pamoja tu wale majani. Kisha anawavika nira tupu, wazurure nayo jioni. Halafu gogo jepesi. Plau inakuja mwisho kabisa. Wa kushoto hubaki kushoto maisha yake yote, na kila mmoja ana jina lake, anaitwa kwalo kabla ya amri. Mbele anatangulia mjukuu na kamba, na mzee hufungua nira wakati ng'ombe bado wana nguvu, hangoji wachoke.

Kijana aliyekuwa anajifunza alimuuliza, "Babu, huyu wa kulia ni mbishi, mbona humpigi?"

"Nikimpiga leo atakwenda, mjukuu wangu. Kesho akiniona na nira atakimbilia porini, nitalima na nani?"

Mzee yule hajawahi kushika kile kidude cha kubofya, na kanuni ni ile ile ya Morogoro na California: hatua ndogo, ishara moja, malipo kwa wakati, acha kabla hajachoka. Malipo ya maksai ni kupumzishwa. Nimeona vijana wenye vyeti vyetu vya mifugo wasioweza kusogea ubavuni mwa ng'ombe bila kumshtua, na nimeona mtoto wa Kigogo aliyechunga tangu utotoni akijua kwa namna sikio lilivyogeuka kwamba dume yule anakaribia kupiga pembe. Ujuzi wa yule mtoto ni sehemu kubwa ya fani hii. Inanisikitisha kwamba mwenyewe huwa anauonea haya na kuuficha anapoandika barua ya kuomba kazi.

Upungufu wake ni kwamba hakuna ngazi ya kupanda wala cheti. Fedha ipo ya msimu, kwa kulimia watu na kuuza jozi iliyokwisha fundishwa, ambayo bei yake huzidi ya madume mabichi. Anayetaka karatasi aunganishe na LITA, Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, kampasi ya Mpwapwa. Huko atasoma lishe, magonjwa na uzalishaji, ambavyo kila mfundishaji wa mnyama wowote anavihitaji.

Tukiziweka ubavu kwa ubavu

Muda wa kungoja kabla ya kumgusa mnyama wako mwenyewe: maksai ni wiki hii. Panya, ukishaajiriwa, ni mapema, chini ya uangalizi. Ng'ambo ni mwaka wa pili wa chuo, na kwa wanyama wakali baadaye zaidi. Mbwa ni miaka, na pengine kamwe.

Gharama haina mjadala. Ng'ambo inazidi nyingine zote zikijumlishwa. Sijamshauri mzazi yeyote auze shamba kwa ajili yake, na sitafanya hivyo. Anayeitaka kweli apate kwanza uzoefu wa hapa, apate rekodi za kazi, kisha atafute ufadhili akiwa na kitu cha kuonyesha.

Uvumilivu wa mwili unatofautiana. Mbwa anahitaji mtu wa kutembea kilomita nyingi porini na kulala nje. Maksai wanahitaji miguu na sauti. Panya anahitaji macho, mkono wa haraka na mgongo unaostahimili kuinama. Nimewahi kumwambia binti mmoja, hodari darasani lakini mwenye pumu, kwamba njia ya doria itamtesa bure wakati kuna maabara Morogoro inayohitaji mtu wa kutulia kama yeye. Hapo nako aulize mapema kuhusu vumbi na manyoya, maana hakuna banda lisilo nayo.

Uvumilivu wa moyo ndio mgumu kuupima. Mfundishaji wa panya anaagana na wanafunzi wake wakiwa katika ubora wao. Mwongozaji wa mbwa anaishi na mmoja, naye humzeekea mikononi. Mwenye maksai anajua tangu mwanzo kwamba siku moja wataishia buchani, na anatakiwa awatendee wema akiwa anajua hivyo. Wa ng'ambo anaachana na nyumbani kwanza. Sioni lililo jepesi, ila watu wanatofautiana ni lipi linalowavunja, na mtu anajijua.

Ajira: vyombo vya dola vina mshahara wa uhakika na pensheni, hilo lisidharauliwe na mtu mwenye wadogo zake wa kusomesha. Nafasi za mashirika kama la Morogoro ni chache, na miradi inayotegemea wafadhili hupanda na kushuka.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, asiye na mtaji, anayependa kujua mnyama anafikiri vipi, namwambia Morogoro, na shahada ya wanyamapori au ya tiba ya mifugo SUA ikiwezekana, ili awe jirani na panya wakati anasoma. Kijana mwenye mwili imara anayetaka nidhamu na mshahara, Pasiansi na kisha mbwa, akikubali kwamba uaskari ni kazi kamili hata mbwa asipokuja. Aliyebaki kijijini na ng'ombe wa baba yake asijione ameachwa. Aanze na jozi moja. Ng'ambo nawaachia wale waliokwisha kufanya moja ya hayo matatu na bado hawajatosheka.

Kabla ya kuamua, kuku

Bob Bailey, Mmarekani aliyefundisha wafundishaji wa wanyama kwa miaka mingi, aliwapa wanafunzi wake kuku, hata wale waliokuja kwa ajili ya mbwa au pomboo. Alikuwa sahihi. Kuku ana haraka, hakupendi kwa ajili yako tu, na akichanganyikiwa anaondoka zake. Chukua mtetea mmoja wa kienyeji asubuhi kabla hajala. Kata duara la karatasi nyekundu, libandike juu ya ubao. Tafuta kitu chenye mlio mfupi, hata kalamu ya kubofya. Kila akilitazama duara, bofya, mpe punje moja ya mtama. Akishazoea, usimlipe kwa kulitazama, ngoja asogee. Kisha ngoja adonoe. Dakika tano, unaacha. Andika daftarini: amedonoa mara ngapi, ulichelewa kubofya wapi, upepo ulikuwaje, amekula kiasi gani. Akishadonoa jekundu bila kukosea, weka la kijani pembeni, umfundishe kuliacha.

Fanya kila siku, hata siku ya harusi ya dada yako, hata ukiwa na homa. Katika siku hizo muombe mtu akuandikie. Banda lake lifagie wewe mwenyewe. Ukifika mwezi wa pili na bado unaamka kabla hajalia jogoo ili uone leo atafanya nini, panda treni ya SGR asubuhi, ushuke Morogoro, uombe kutembezwa pale SUA kwenye kituo cha wageni cha APOPO. Nenda na daftari lako. Waulize wafundishaji wanaamka saa ngapi, nani hulisha Jumapili, wenzao walioacha waliacha kwa sababu gani. Ukitoka hapo pita Mpwapwa uulize maswali hayo hayo, halafu kaa na wazazi wako mkiwa na majibu yote mawili mezani.